Kichwa cha Tembo wa Siam

Munir Shee alikuwa mzaliwa wa Lamu, na kilichomleta Nairobi ni ufundi wa kuunga vyombo vya kauri. Mwaka 1971 alikuwa na meza yake nyuma ya duka la vitu vya kale la Haron, katikati ya mji. Meza ile ilikuwa hisani ya Haron, na Munir hakuzoea kumuuliza mengi.

Siku moja ya Julai, adhuhuri, Mama Njambi wa Kitisuru aliingia akafungua leso. Ndani mlikuwa na tembo mdogo wa kauri, hajai kiganja, wa kijani kilichopauka na kung'aa, kazi ya matanuru ya kale ya Siam, nchi ya mashariki ya mbali. Kichwa kilikuwa kimekatika, kiko kando.

Alieleza kuwa mpishi wao, Ngui, ndiye apangusaye vumbi sebuleni, naye anaapa hakumgusa. Mume wa Mama Njambi amemfungia Ngui stoo, na ikifika saa saba atampeleka polisi. Huenda tembo akiungika, hasira zitapoa.

Munir alikigeuza kile kichwa. Shingoni palikuwa na gundi iliyochanganywa na jivu. Mchanganyiko huo ulikuwa wake mwenyewe. Miaka miwili nyuma Haron alimletea tembo huyu kavunjika, akamtaka aufiche ufa, kisha akamuuza kuwa ni mzima.

Aliinua macho. Haron alikuwa amesimama mlangoni, akimtikisia kichwa polepole. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

"Fundi, hii kitu itashikana ama haitashikana?" Mama Njambi aliuliza.

Munir alitaka kujua walikuwa wakimweka tembo wapi. Kwenye rafu juu ya meko ya sebuleni, akajibiwa, na kwa baridi hii moto hauzimwi.

"Basi gundi imelainika kwa joto," alisema. "Mama, mpishi wako hana kosa. Kichwa hiki nilikiunga mimi, hapa hapa, kabla hamjamnunua."

 Mama Njambi aliivuta simu ya dukani, akazungusha namba ya nyumbani. Ikalia, ikalia. Mwishowe ikapokewa.

Ngui alifunguliwa, lakini hakukaa. Wiki ile ile alifunga virago akarudi kwao Machakos. Munir naye alifukuzwa na Haron alasiri ya siku ile ya simu. Alitandika vifaa vyake kwenye baraza karibu na Msikiti wa Jamia, akaunga vyombo miaka saba zaidi, na kwanza alimwonyesha kila mteja mahali ufa utakapobaki kuonekana.