Pindo la Kukulia

Shangazi yangu Bakhita, wa Bustan, ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwona mtu kavaa nguo ya dukani akanyamaza. Atakushika mshono wa bega, ataugeuza, atafyonya. Wanawe wote kawashonea mwenyewe, tangu nguo za arubaini hadi sare za skuli, kwa cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake. Nguo ya mtoto aliikata ndefu, akaipinda, kisha akalifungua pindo kidogo kidogo kadiri mtoto alivyorefuka.

Watoto wakakua, wakahamia kwa mafundi wa mjini. Cherehani ikafunikwa kanga. Shangazi hakulalamika, lakini alipooza, nami nilimwonea uchungu.

Mwaka huu kitindamimba wake, Fahd, kapata kazi ya ofisini bandarini. Dishdasha, zile kanzu za kazini, akasema, atashonesha mjini. Shangazi akamng'ang'ania mpaka kijana akachoka.

"Haya, nshonee moja," Fahd akasema. "Ikinikaa, zote ntakuletea wewe. Isiponikaa, khalas, cherehani tuigawe."

Wiki nzima Shangazi hakulala mchana. Hata furakha, kile kishada cha shingoni kinachotiwa manukato, aliisokota kwa vidole vyake. Siku moja kabla ya kazi, Fahd akaivaa. Ikaburura sakafuni, mikono ikameza vidole. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

"Mama," Fahd akasema taratibu, "nna miaka ishirini na minne. Sirefuki tena."

Shangazi akashika mdomo. Alikuwa kaikata kwa mazoea, kama ya mtoto. Akapiga magoti, akapima, akachukua mkasi. Nguo za wanawe siku zote alizipinda tu; kuzipunguza hajapata. Alikata huku machozi yanamtoka, wala hakuyaficha.

Alipomaliza kupinda upya, Fahd akavaa tena. Ilimkaa barabara. Akajitazama kiooni, akageuka, akajitazama tena.

"Kesho nkitoka kazini ntakuletea kitambaa cha nyingine," akasema. "Lakini usiniachie nafasi ya kukulia."

"Ya urefu, nshakusikia," Shangazi akajibu, akimpapasa ubavuni, uso umemchanua. "Hapa lakini nimeacha, kila upande. Baba'ko naye alikuwa mwembamba hivi hivi siku alipoajiriwa."

Sote tukamgeukia mumewe, Msellem, aliyejinyoosha mkekani na sahani ya halwa juu ya tumbo.