Sahihi Moja Tu

Tatu alijua kibarua cha mumewe kimeota nyasi kabla hajaambiwa na mtu. Ovaroli ndiyo iliyomwambia. Miaka tisa anaifua kila Ijumaa, maji yanatoka meusi tii, maana Bakili alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana moja ya mtaa wa Gerezani. Mwezi wa saba mwaka themanini na tatu maji yakaanza kutoka meupe. Mtu anaaga asubuhi, anarudi jioni, na ovaroli hainuki hata grisi.

Amwulize? Thubutu. Alivyolelewa yeye, mwanamke hamwulizi mumewe jambo la kumvua nguo. Anasema na jirani, mume anasikia akiwa ndani. Sukari imekwisha, mtoto wao Sofia ana homa, yote hayo Bakili aliyapata kupitia dirishani.

Ndipo ikaja Nguvu Kazi, msako wa serikali wa kuwapeleka mashambani wasio na kazi. Huna kitambulisho cha kazi, mgambo wanakuzoa, lori, kwaheri mji. Tatu akaenda ofisini na leseni yake ya kuuza vitumbua, karani akamwambia anaruhusiwa msaidizi mmoja, naye atahesabika ana kazi. Akaandikisha jina la Bakili. Ilibaki sahihi ya mwenyewe tu.

Jioni akakaa uani na Evarista, jirani wa chumba cha pili, akapaza sauti.

"Mwenzangu, natafuta msaidizi wa vitumbua. Mtu mzima asiyeona haya kukoroga unga. Karatasi ipo, ni kutia sahihi tu."

Evarista akaelewa, akataka kusaidia. Akasema wapo, dada, wengine wamekaa bure tu mjini hapa.

Ndani, Bakili aliacha kutafuna. Alichosikia yeye ni wanawake wawili wanamcheka. Kesho yake akatoka mapema zaidi, ovaroli imepigwa pasi.

Rafiki yake Awadhi alijua kila kitu, walipunguzwa kazi siku moja. Wiki nane wamekaa benchi moja wakibishana Simba na Yanga, hakuna aliyemwuliza mwenzake nyumbani mnakula nini. Eti ndio uanaume. Upuuzi mtupu.

Jumanne saa nne Awadhi akaingia uani anahema, shati limechanika. Yeye alikuwa amewaponyoka mgambo. Akasema shemeji, wamemchukua.

Tatu aliacha vitumbua vinaungua. Akakimbia na karatasi mpaka uwanja walikokusanywa watu. Lori lilishajaa, na Bakili amesimama katikati ya wanaume.

Mgambo akaisoma karatasi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Bakili ni nani? Mkeo anasema wewe msaidizi wake, unapika vitumbua. Kama kweli, shuka utie sahihi."

Lori zima likacheka. Mmoja akauliza kama vya nazi vipo.

"Mimi fundi wa kuchomelea," Bakili akasema.

Tatu akasogea mpaka kwenye tairi. "Nakuomba ushuke, baba Sofia. Nilijua tangu mwezi wa saba. Sikuwa nakucheka. Shuka twende nyumbani."

Miaka tisa hajawahi kumwambia jambo moja kwa moja hivyo. Mkono wa Bakili ukashika ubao wa lori. Wenzake wakanyamaza wakimtazama, na nadhani ule ukimya ndio uliommaliza. Mkono ukaachia.

"Nenda, mama Sofia. Mtoto yuko peke yake."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoka kwenda dukani. Mgambo akangoja kidogo, akamrudishia Tatu karatasi, akagonga bodi dereva aondoke.

Barua ya Bakili ilikuja mwezi wa kumi na mbili, kutoka shamba la mkonge upande wa Tanga. Ilisalimu nyumba nzima chumba kwa chumba. Iliuliza kama Sofia ameota meno ya mbele. Juu ya kurudi, hakuna neno. Evarista alimsomea Tatu mara mbili, naye Tatu akamwomba ageuze aangalie kama nyuma kumeandikwa kitu. Akageuza. Hakukuwa na kitu.