Mizunguko Elfu Tisa ya Mama Emérance

Mwaka 1968 nilikuwa fundi umeme mgodini Kilembe, tena fundi mwenye cheti, na kati ya Kasese na mpaka wa Kongo hakuwepo mtu wa kuniambia neno kuhusu waya nikamsikiliza. Jina langu Asiimwe. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba Mama Emérance wa Bwera hakunikuta mnyenyekevu.

Kilichonipeleka kwake ni pikipiki ya shemeji yangu Naome. Naome alikuwa mkunga, mwanamke pekee aliyeendesha pikipiki katika njia zile, na wanawake wa Nyakiyumbu walimtania kwamba iko siku atazaa kapikipiki. Chombo chenyewe kilikuwa masalia ya vita vya Hitler, aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Asubuhi kiliwaka kwa kiki moja. Kikishakwenda nusu saa, injini ikapata moto, kilizima, na hapo hata upige kiki mpaka kiatu kitoke soli, hakikuwaka mpaka kipoe. Taa yake ya volti sita ilimulika tope la gurudumu la mbele, basi.

Mwaka uliotangulia pikipiki ilizima hivyo hivyo Naome akienda kumzalisha Wivine, binti wa Mama Emérance. Alifika akiisukuma, na mtoto alikuwa amekwisha kufa. Sasa Wivine alikuwa na mimba nyingine ya miezi saba.

Nikaingia kazini. Nyaya zote zilizooza nilizitupa, nikaisuka upya dinamo itoe volti kumi na mbili, nikafunga betri mpya na taa kubwa iliyotoka kwenye Landrova iliyopinduka. Taa hiyo ilimulika mpaka ng'ambo ya bonde, na nilijisikia sana. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani ya magneto, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha petroli. Humo kuna koili, waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Koili ya Naome ilikuwa imeungua: ikipata joto, umeme ulivujia humo humo badala ya kwenda kwenye plagi. Niliandika barua Kampala, nikajibiwa kwamba koili za aina ile haziagizwi tena. Nikamwambia Naome auze chuma chakavu.

"Mama Wivine anasema atasuka hiyo koili kwa mikono," Naome akanijibu.

Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Mama Emérance alivuka mto Lubiriha, ulio mpakani, mwaka 1964, akikimbia vita kutoka Butembo, na Wivine na furushi moja. Mumewe Célestin, fundi wa mota kiwandani, alibaki nyuma na hakuonekana tena. Célestin alikuwa na vidole vinene, kwa hiyo kazi ya kuzungusha waya mwembamba alikuwa akimpa mkewe, ambaye masista walimfundisha kufuma vitambaa tangu utotoni. Katika lile furushi mlikuwa na kibonge cha waya huo. Cha mumewe alichobaki nacho kilikuwa hicho tu, nacho kilitosha koili moja. Ukikatika, hakuna mwingine.

Nikampa chuma cha ndani ya magneto, shingo upande, nikarudi Kilembe.

Baada ya wiki moja nilipita kwake. Walikuwa wameketi barazani, mama na binti. Mama alikuwa akizungusha kijiti cha mwavuli alichokichomeka kwenye kile chuma, na waya ukipita kati ya vidole vyake vya kushoto. Nikasalimu. Kimya. Nikasalimu tena, na mara ya tatu nikasalimu kwa Lhukonzo, lugha ya pale. Walinitazama, midomo inacheza, lakini jibu sikupata. Bwera hata watu wenye kesi mahakamani husalimiana kwanza! Sokoni nikaambiwa si mimi tu. Siku nane hawajamwitikia mtu mchana. Wengine walisema ni kiburi cha wakimbizi, wengine walisema maneno mabaya zaidi.

Wiki iliyofuata nilikwenda na hasira yangu imeiva. Sikusimama nje. Niliingia mpaka barazani, nikagonga nguzo kwa ngumi.

"Mama Wivine, sisi ni mbuzi? Mtu anasalimu, mnamwangalia tu?"

Wivine alishtuka. Kitu kikamponyoka mkononi, kikaanguka vumbini. Ilikuwa rozari.

Mama Emérance alisimamisha mkono. "Tulikuwa wapi?" akamuuliza binti yake polepole.

"Sijue, mama. Kumi ya tatu, ao ya ine. Sijue."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mzunguko ulikuwa Salamu Maria moja. Mama alisema nusu ya kwanza huku akizungusha. Binti aliitikia nusu ya pili na kusogeza punje, maana mikono ya mama yote miwili ilikuwa na kazi. Rozari tatu, mizunguko mia na hamsini, zilijaza tabaka moja. Kisha waliweka juu yake karatasi nyembamba ya barua za ndege iliyopakwa vanishi, na Wivine akatia haragwe moja kwenye bakuli. Maharagwe sitini ndiyo mizunguko elfu tisa, hesabu aliyoiacha Célestin. Niliyahesabu yaliyokuwemo bakulini: arobaini na moja.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Lakini kumi ikizidi au ikipungua, pikipiki haitajua." Na ni kweli, mpaka leo nasema ni kweli.

"Pikipiki haitajua," akasema. "Miye nitajua. Niko natosha waya mupaka kwa karatasi ya mwisho."

Akaanza kuufumua. Alifumba macho. Waya wenyewe sikuuona, niliona tu mng'ao wa shaba jua lilipoupiga, na vidole vyake vikienda taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Nimeshuka chini ya ardhi miaka kumi na moja, nimesikia mwamba ukilia juu ya kichwa changu, lakini sijaogopa kama nilivyoogopa pale barazani. Ukikatika, umekatwa na mdomo wangu. Ulifika kwenye karatasi bila kukatika. Akapumua, akamtazama Wivine, wakaanza upya.

Sikuondoka. Nilikwenda nikasimama kando ya barabara mpaka jioni, nikawa naitikia salamu za wapita njia kwa niaba yao.

Koili ilipokamilika tuliijaribu kwa njia ambayo cheti changu hakikunifundisha. Mama Emérance aliiweka magneto kwenye sufuria juu ya jiko la makaa mpaka haishikiki, akanipa kitambaa, akasema nizungushe. Cheche ya buluu iliruka, ikalia ta! Tukaipasha moto tena. Ikaruka tena. Umeme nimeushika maisha yangu yote, na siku ile niliuona kama mara ya kwanza.

Siku ya Wivine kujifungua ilimkuta Naome akiwa Mubuku, kwenye kaya za wakulima wa mpunga. Ilikuwa Jumapili, mimi niko Bwera. Dereva wa lori, Sowedi, ndiye aliyempelekea habari. Kutoka Mubuku ni zaidi ya saa moja na nusu, na mvua ilikuwa inanyesha. Mama Emérance alitoka akasimama nami njiani. Mimi nilikuwa nahesabu nusu saa: hapa ndipo ingezima, hapa ingezima tena.

Taa ndiyo tuliyoiona kwanza, nyeupe ndani ya mvua, ikishuka mlima. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Kisha tukausikia mlio, na hiyo ilikuwa kazi yake, nao haukusita hata mara moja. Naome alishuka akaingia ndani akikimbia, akaacha injini inanguruma uani.

Mtoto alilia jua lilipokuwa linazama. Msichana.

Mama Emérance alitoka akiifuta mikono. Akaiendea pikipiki, akaigusa, akautoa mkono haraka kwa joto, akaizima mwenyewe. Kisha akaja akaketi karibu yangu barazani.

"Jambo, fundi," akasema. "Bibi yako iko muzima? Na batoto? Mama yako ule mugonjwa, alipona? Na mbuzi zenu?"

Akauliza yote, moja moja, ya wiki zote zile. Nami nikamjibu moja moja.