Jinsi ya Kulala Dar es Salaam

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Shamba alinionyesha meza, kiti kibovu, na akanipa maelekezo mafupi. Nilikuwa karani wa usafiri katika shamba moja la ngano la serikali huku Hanang, msichana niliyetoka kusomea ukarani Dar es Salaam. "Ninayemtuma Dar arudi na kipuri," alisema, "na arudi mzima. Wewe umekaa kule, uwafundishe." Nikadhani nimepewa kazi nyepesi. Sikujua watu wa kwetu wana vichwa vigumu kiasi gani.

Kombaini zetu, yaani mashine zinazovuna na kupura ngano kwa pamoja, zilitoka nje ya nchi, na vipuri vyake vilishukia bandarini. Kwa hiyo kila msimu kulikuwa na dereva aliyeteremka pwani, na kila dereva nilimkalisha mbele ya meza yangu nikamweleza mji ule kama ninamfundisha mtoto kunawa.

Sweta acha nyumbani, nilisema. Wakaondoka na sweta, na koti juu yake, kisha wakalalamika kwamba jua la Dar lina chuki na wageni. Oga asubuhi na jioni. Wakaniuliza kama nimewaona na upele. Saa saba mchana usitembee, hata wenyeji wamekaa kivulini. Maji ya kunywa yachemshwe. Ukiingia ofisi ya bandari, salimia wote kwa pamoja. Ukianza kumpa kila mtu shikamoo yake kuanzia mlangoni, ukifika mezani karani ameshakwenda kula. Na kwa kuwa wengi wetu hatuli samaki, wakulima wa milimani na wafugaji wa tambarare pia, agiza maharage, yapo kila mahali. Hawakuagiza. Walishinda kwa chai na maandazi, wakarudi wamekonda, wake zao wakaninunia mimi.

La mwisho lilikuwa chandarua. Kule milimani Mbulu baridi inafukuza mbu, kwa hiyo miili yetu haikuizoea malaria. Mtu wa pwani anaugua leo, keshokutwa yuko sokoni. Sisi inatuangusha. Kila dereva nilimpa chandarua cha stoo na kumwonyesha namna ya kukichomeka chini ya godoro. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nilisema.

Gwandu alikuwa dereva wetu bora, mtu wa milimani, mcheshi, mwenye watoto wadogo. Mwaka mmoja beringi ya kombaini ilivunjika ngano ikiwa imekauka kabisa. Ngano ikikauka hivyo haisubiri, punje zinapukutika chini, na ndege kwelea wanajua kabla yako. Gwandu akatumwa. Nilimfundisha chandarua mara mbili, akacheka mara mbili.

Alirudi upesi kuliko dereva yeyote kabla yake. Karakana nzima ilimzunguka akifungua mzigo, na Mkuu wa Karakana akamsifu kwa kufunga beringi vizuri, haina vumbi hata chembe. Mimi nilitazama alichofungia. Kilikuwa chandarua changu, kimeviringishwa mara nyingi na kukazwa kwa kamba.

"Wewe ulilala ndani ya nini?" nilimwuliza.

"Dada, nililala kitandani, dirisha wazi, joto lile," alisema. "Mbu ni kadudu tu. Hii beringi ingeingia mchanga tungekula nini?"

Watu wakacheka. Meneja naye alicheka. Kombaini ikaunguruma jioni ile.

Baada ya kama wiki mbili, uvunaji umepamba moto, Gwandu akaanza kutetemeka. Wenzake wakasema ni baridi, ametoka kwenye joto akapanda ghafla. Wakamrundikia mablanketi, wakamnywesha supu ya mifupa. Nilizunguka kambi nzima nikisema hii ni malaria, imempata Dar, apelekwe hospitali Haydom. Wakaniambia nisimtie mgonjwa hofu. Nikaenda kwa Meneja kuomba Landrova, gari pekee lililokuwa zima. Nilimkuta shambani, akasema gari linapeleka dizeli kwenye kombaini.

"Ngano inapukutika, binti. Kesho asubuhi."

"Gwandu naye anapukutika, mzee."

Akarudia kwamba ni kesho asubuhi. Tuliondoka kesho yake. Hospitalini walifanya yote yanayofanyika, lakini alikuwa hajitambui tangu njiani, na hakuzinduka.

Ngano yote ilivunwa. Mwaka ule tulipongezwa.

Nimehudumu chini ya mameneja kadhaa baada ya yule, hadi mashamba yalipoanza kuyumba na mimi nikastaafu. Sasa vijana wanaokwenda chuo Dar wanakuja kuniaga, na mimi naanza: sweta, maji, jua, chandarua. Wanacheka. "Bibi, siku hizi kuna feni." Nawafokea mpaka mama zao wanatoka jikoni, na najua wanasema nyuma yangu kwamba uzee umenitia hasira.

Si uzee. Namkasirikia Gwandu. Nilimkasirikia siku tunamzika, mkewe akiwa amenishika mkono, na namkasirikia hadi leo, kwa sababu ndiye pekee ambaye angenichekesha hasira ikaisha.