Shaba Niliyoichekecha

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tulipoanza kula mapanki, mwanangu. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi wa Mkolani tukakaanga vichwa na mifupa.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Unyevu wa ziwa ulikula vyuma vya kushikia betri, akataka kutengeneza vya plastiki inayopitisha umeme. Watu wakamcheka. Lakini aliyeyusha plastiki, akatia vumbi la shaba na vipande vya nyaya vyembamba kama kope, na balbu ya tochi ikawaka. Tajiri mmoja wa Nyakato akaahidi kuja kuona. Akiridhika, ampe kazi kiwandani.

Asubuhi ya siku aliyotarajiwa nililiona kopo la shaba, nikaona uchafu. Mimi ugali wangu haujawahi kuwa na donge! Nikachukua chekeche, nikabakiza vumbi laini, vipande nikavimwaga kama pumba.

Kabula, wifi yangu tuliyeishi naye, akacheka: "Wifi, leo ugali wa shaba? Kaka atang'oka meno!"

Tajiri akaja. Mume wangu akamimina haraka, akachanganya, akasubiri ipoe. Balbu kimya. Tajiri akapangusa viatu, akaenda zake.

Mume wangu akalivunja lile donge la plastiki, akalitazama. "Vile vipande virefu ndivyo vilivyoshikana mikono, umeme ukapita. Hili vumbi tupu, kila chembe imezama peke yake. Nani kachezea kopo langu?"

Nikasema, "Sikugusa mimi."

Akamgeukia dada yake. Kabula alinitazama mimi, si yeye. Hakunitaja. Kesho yake akavuka kivuko cha Busisi na kifurushi chake, hakurudi tena. Mume wangu alikufa akiamini ni yeye.

Mwanangu, kosa ni la kawaida, hata jembe hukata mhogo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, uso ukiwa bado una joto. Uongo ukilala ndani hutandika kitanda. Tazama nyumba yangu: mabati mapya, viti sita, nakalia kimoja. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na watu wa kukaa nao.

Juzi binti wa Kabula alikuja. "Shikamoo, mkazamjomba. Mama anaumwa. Anauliza tu, lile kopo aliligusa nani?"

Nilimwitikia marahaba. Nikamvutia kiti. Kisha nikasema, "Sikugusa mimi."