Maombi ya Kwenye Maegesho

Priscilla Kerubo alikuwa mfungishaji ndoa wa serikali mjini London, na akiwa kazini hakuwahi kumtaja Mungu hata mara moja. Si kwamba hampendi. Ni mwenyekiti wa akina mama katika kanisa lao la Wakenya kule Thornton Heath, na akishika maombi chai hupoa vikombeni. Ila sheria ya Uingereza inasema ndoa ya serikali isitiwe dini: hakuna pambio, hakuna aya, hakuna amina. Priscilla akakubali. Akawaunganisha wasiosali, waliotalikiana, na bwana mmoja aliyekuja na mke wa tatu akiwa amesahau jina la pili la bibi harusi. Dhamiri yake ililala fofofo kama pono.

Kilichoiamsha ni ndoa za wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Hizo, alijiambia, Biblia yake haimruhusu. Na kwa kuwa kulisema hilo ofisini kungemtia matatani, hakulisema; alifanya biashara. Mwenzake Surinder alikuwa hawezi kuandikisha vifo, maana mfiwa akianza kulia naye hulia, mpaka mfiwa ndiye anayembembeleza. Basi wakabadilishana. Surinder akachukua maharusi ambao Priscilla hawataki, Priscilla akachukua vifo vyote. Kila mmoja alimwona mwenzake mjinga, na kazi ikaenda vizuri.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Akaja mkubwa mpya, akapiga marufuku kubadilishana zamu. Kila mtu atafungisha ndoa aliyopangiwa, na asiyeweza atafute kazi nyingine. Jumamosi ya kwanza Priscilla akapangiwa Gires na Ian.

Alilipeleka jambo hilo kwa akina mama, na hapo ndipo alipokosea. Walifurahi vibaya mno. Miaka yote walikuwa wakisikia habari za watu walioteswa kwa ajili ya imani, lakini wote walikuwa wa makanisa mengine. Sasa wamepata wa kwao. Aliyeshika usukani ni Mama Natasha, nesi mstaafu mwenye sauti ya kengele.

"Kataa, dada," alisema. "Wakikufuta, wakufute. Sisi tuko nyuma yako."

"Nyuma sawa," Priscilla alijibu, "lakini mbele yuko landlord."

"Bwana atafungua njia. Na tumekuwekea nafasi ya ushuhuda Jumapili."

Njenga, mzee wa kanisa, akaongeza kwamba ndoa ni kitu kitakatifu. Priscilla alimtazama tu. Ndoa ya Mzee Njenga aliifungisha yeye mwenyewe, siku moja ya mvua, talaka ya mke wa kwanza ikiwa bado mbichi, na hakuna aliyeitwa kutoa ushuhuda. Lakini Priscilla ana adabu zake. Akala sambusa.

Usiku usingizi ulimpaa, kwa sababu aliogopa kwelikweli. Akikataa, kazi inakwenda, na nyumba nayo, na mwanawe Tevin bado yuko chuoni. Asipokataa, atasimama mbele ya Mungu na mbele ya Mama Natasha, na hakujua yupi atakuwa mkali zaidi. Mwisho akapata ujanja: atawafungisha kwa mdomo tu. Atavaa suti nyeusi ya mazishi, atasoma maneno ya sheria bila tabasamu, na Mungu ataona mwenyewe kwamba moyo haumo.

Siku ikafika. Kabla ya ndoa, kila mmoja huhojiwa peke yake. Gires aliingia na suti nyeupe, jasho likimtoka. Kijana wa kutunza wazee huko Edmonton. Priscilla alimuuliza jina lake na kazi ya baba yake, na kijana akaisikia lafudhi.

"Mama, unasemaka Kiswahili?"

Priscilla alitamani kukana kama Petro. "Kidogo."

"Mi niko wa Bukavu." Gires akashusha pumzi. "Mama yangu alikatala kuya. Hata simu hakamati. Nakuomba kitu kimoja tu. Mbele ya kuingia, utuombee."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena safi. "Hapa ndani maombi hayaruhusiwi, mwanangu. Ni sheria." Alilisema kwa raha, maana wiki nzima hiyo ndiyo mara ya kwanza sheria kuwa upande wake.

"Sawa, mama," alisema Gires, akatazama viatu vyake.

Ile "sawa" ilimkera. Angebishana, ingekuwa nafuu. Priscilla aliingia ukumbini amenuna, akasoma maneno yake. Ian, fundi bomba mwenye masikio mekundu, alilia hadi ikabidi arudie kiapo. Upande wa Gires viti vilikuwa vitupu. Priscilla aliviangalia viti vile, akaona aibu. Alikuja akiogopa kumkosea Mungu kwa kuwaoza watu hawa, na sasa kilichomuuma ni kwamba mtu amemwomba maombi, naye amemnyima. Tangu awe mwenyekiti hakuwahi kumnyima mtu.

Walipokwisha kutia saini, alivua kitambulisho cha kazi, akawafuata hadi kwenye maegesho walikokuwa wakingoja teksi.

"Hapa ni nje ya ofisi," alisema. "Inamisheni vichwa."

"What's happening?" Ian aliuliza.

"She's praying," Gires akamjibu. "It will be long."

Ikawa ndefu. Priscilla alikuwa amepanga kumwomba Mungu awaonyeshe vijana hawa njia ya kurudi, na kweli alianzia huko. Lakini alipofika kwa yule mama wa Bukavu, maneno yakamponyoka. "Baba, mpe nguvu ya kushika simu. Hata kama ni kutukana, ashike kwanza." Dereva wa teksi alifika, akapiga honi, akaviona vichwa vimeinama, akazima injini.

Jumapili aliitwa mbele kutoa ushuhuda. "Nimewafungisha," alisema. "Kazi ninayo. Waliniomba maombi nikawaombea, na nikamwombea mama wa mmoja wao ashike simu ya mwanawe." Mzee Njenga alikohoa, akaanzisha wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba.

Wakati wa chai hakuna aliyekaa karibu naye. Alijua uenyekiti umekwenda, na ulimuuma kuliko alivyotarajia. Akaenda jikoni kuosha vikombe peke yake.

Mama Natasha akaingia, akafunga mlango. Priscilla akajikaza kupokea maneno yake. Mama Natasha alichukua kitambaa, akaanza kufuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari.

"Yale maombi ya simu," alisema kwa sauti ya chini ambayo Priscilla hakujua kama anayo. "Niambie ulivyosema, pole pole. Natasha anafunga ndoa na msichana mwenzake mwezi wa nane. Ananipigia tangu Pasaka, na mimi sishiki."