Maji Yaliyokuja Bila Mawingu

Harufu ya udongo uliolowa hunishtua hadi leo, hasa ninapoisikia jua likiwaka. Mara ya kwanza niliisikia hivyo nikiwa na miaka tisa, huko Gotu, ambako mama yangu alikuwa na duka la unga, sukari na majani ya chai karibu na mto. Baba alikuwa amekwenda Oldonyiro kuchanja mifugo ya watu, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, Mama, kuku, paka mmoja mvivu na mbwa wangu Bosi. Mama alizaliwa Meru, na miaka yote aliyokaa Gotu aliwatazama majirani kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akisema, hata kabla hajajua kama ameliwa. Mimi niliurithi ugonjwa huo mapema.

Adhuhuri hiyo alikuja Mama Galgalo, jirani yetu Mborana aliyeishi juu kilimani, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. "Habari, Mama Kendi. Maji inakuja," alisema. "Hamisha vitu. Kuku na paka lete kwangu." Mama alitazama juu, mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. "Dalili ya mvua ni mawingu," akamjibu. "Sasa mawingu iko wapi?" Mama Galgalo akanyoosha kidole upande wa milimani, mto unakotoka. "Mvua iko kwenu. Hii harufu unasikia ni mchanga ya Meru." Alipoondoka, Mama alinong'ona kwamba mtu hakuhimizi kufunga duka bure. Nani angelinda duka, sisi tukiwa kilimani? Na yule kuku wetu tembe aliyepotea mwezi uliopita, alipotelea wapi?

Hata hivyo alianza kujiandaa, maana kutoamini hakumzuii mtu kuogopa. Tulipandisha magunia juu ya kaunta, sukari tukaining'iniza darini, vyeti vya kuzaliwa vikaingia kwenye debe lenye kifuniko. Kisha Mama akatoa uzi mwekundu wa kufumia, akamfunga kila kuku mguuni, wasije wakabadilishwa huko juu. Paka aliingia kikapuni akilalamika. Tatizo lilikuwa Bosi. Mama Galgalo alikuwa Mwislamu wa kushika dini. Hakugusa mbwa, na Bosi akikaribia alikusanya nguo yake na kusogea. Nilijiambia, huyu atamfukuza porini nikigeuka tu. Basi nikamfunga Bosi kwa kamba kwenye nguzo nyuma ya duka, nikiwa na hakika kama Mama kwamba maji hayaji, nikawapandisha kuku kilimani bila kumwambia mtu nilichofanya.

Maji yalikuja saa tisa alasiri, jua bado kali. Yalikuwa mekundu, yamejaa povu na matawi, na juu yetu halikuanguka tone hata moja. Kutoka kilimani niliyaona yakizunguka duka, nikapiga mayowe: "Bosi amefungwa!" Mama alinishika mkono nisikimbie. Mama Galgalo hakuuliza ni nani aliyemfunga. Alichukua kisu, akakaza leso kiunoni, akashuka. Maji yalimfika kifuani. Nililia kwa woga, na kwa aibu iliyouma kuliko woga. Alirudi amembeba Bosi mabegani, amemshika miguu, vile wafugaji wanavyobeba mwana-mbuzi aliyechoka.

Alimweka chini, akaomba maji safi. Akajiosha mara saba, mara moja kati ya hizo akijisugua kwa udongo, kama dini yake inavyoagiza mtu akiguswa na mbwa aliyelowa. Mama ndiye aliyemmiminia, birika baada ya birika. Kuku walikuwa wakipitapita hapo na nyuzi zao. "Hii uzi ni ya nini?" Mama Galgalo aliuliza. Mama aliweka birika chini. Aliinama, akaanza kuwakamata mmoja mmoja na kuzikata zile nyuzi.

Siku hizi ninaishi Isiolo mjini, na tahadhari ya mafuriko hunifikia kwa simu. Nikiisoma, bado najiuliza ni nani anayenufaika. Ugonjwa wa Mama haujaniisha. Nina geti la chuma, na majirani zangu wengi siwajui majina. Sijui ni nani kati yao angeshuka majini kwa ajili yangu, wala wao hawajui kama mimi ningeshuka. Nina mbwa mwingine sasa. Huyu sijawahi kumfunga kamba.